Kadi Ambazo Maalim Hakuziandika

Mdogo wangu wa kike aliolewa Tanga mwaka juzi, na mimi nikapewa kazi ya kadi. Familia iliona ni jambo la wazi: huyu si anaishi kwa kuandika? Basi kadi ni zake. Nilikubali haraka, maana kazi nyingine iliyokuwa imebaki ilikuwa kufuatilia michango, na hiyo kila mtu anaijua ilivyo.

Mama alikuwa na sharti moja tu. Jina la kila mwalikwa liandikwe kwa mkono. Alisema kadi ya kuchapwa jina ni kama tangazo la kukatiwa maji. Sikubishana naye. Nikaulizia, nikaelekezwa Ngamiani, kwa mzee mmoja ambaye wengi wanamwita Maalim kwa sababu amefundisha madrasa miaka mingi. Sasa hivi anaishi kwa mkono wake: anaandika vyeti vya madrasa, vibao vya majina ya nyumba, aya za kutundika ukutani, na kadi za harusi. Hana duka. Ana meza barazani, taa ya kubana kwenye ubao, na kopo la kalamu.

Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu. Kadi 130. Akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Unataka vitu vingapi?" Nikarudia, kadi 130. Akatikisa kichwa. Akanifafanulia kwamba ninamwomba vitu viwili. Cha kwanza ni majina ya bwana na bibi harusi kwa khati ya Kiarabu, ambayo ataandika mara moja, nasi tutaipeleka kwa mchapaji iwekwe juu ya kadi zote. Cha pili ni majina ya waalikwa, kwa herufi za kawaida, kimoja kimoja.

"Hiyo ya kwanza mtaichapa," alisema. "Najua. Ndiyo maana bei yake ni elfu sitini. Hayo mengine ni elfu tatu kwa jina."

Elfu sitini kwa maneno mawili! Lakini ile niliipitisha, nikaelekeza nguvu zangu kwenye elfu tatu. Nikamtazama akiandika jina la mfano. Dakika tatu hivi. Nikapiga hesabu kichwani, kadi 130 kwa dakika tatu ni saa sita na nusu, yaani siku moja ya kazi. Nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu anayejiona mwerevu, "Maalim, lakini ni dakika tatu tu." Hakujibu kitu. Alifuta kalamu kwa kitambaa, akaniangalia, akasema haya, elfu mbili. Nikaondoka nimefurahi. Nilikuwa nimemshinda mtu ambaye hakuwa anashindana.

Naomba msomaji ulikumbuke hilo la vitu viwili. Nitalirudia.

Maalim alianza kazi. Kila jioni alinipigia simu. Huyu shangazi yenu jina lake lina h mwishoni au halina? Huyu bwana ni Daktari wa hospitali au Daktari wa chuo, maana watu wengine hukasirika. Huyu bibi mmemwandika "na familia", lakini mume wake si amefariki mwaka huu? Mtamwandika peke yake au na watoto? Nilianza kuchoka na simu zake. Kwangu ile ilikuwa orodha. Kwake kila mstari ulikuwa mtu.

Alipofikisha kadi 42, michango ikakwama. Kamati ikakaa, mhazini akasoma takwimu, watu wakaanza kukata hapa na pale. Hela iliyobaki kwa Maalim, kadi 88 kwa elfu mbili, ilikuwa shilingi 176,000. Hapo ndipo binamu yangu, kijana mwenye akili nyingi na kompyuta nzuri, alipochukua zile kadi 42, akazipanga mezani, akasema: "Mbona herufi zote ziko hapa?"

Na kweli zilikuwapo. Majina 42 ya watu wa pwani na bara yana a mpaka z ya kutosha. Zilizopungua alizibuni kwa kuunganisha vipande vya nyingine. Akazipiga picha, akazisafisha, akazitia kwenye programu, na usiku uleule tukawa na fonti. Unaandika jina lolote kwenye kibodi, linatoka kwa mwandiko wa Maalim. Tulicheka kama watoto. Tuliandika majina ya wachezaji mpira. Tuliandika matusi madogo madogo.

Kesho yake nilikwenda Ngamiani, nikamlipa Maalim shilingi 84,000 za kadi 42 na elfu sitini za khati. Nikamwambia idadi ya waalikwa imepungua, kwa hiyo tuishie hapo. Akasema hakuna tabu, Mungu aijalie shughuli. Kadi 88 zilizobaki tukazitia kwenye printa.

Nimeyasema kwa urefu ili nisijifiche. Fonti aliitengeneza binamu yangu. Uongo niliusema mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama kwenye baraza la mtu aliyenikaribisha kahawa.

*

Sasa swali. Tulimwibia nini?

Nimelizungusha swali hili kwa mwaka mzima, na nataka kwanza niutetee upande wetu vizuri, maana utetezi dhaifu hauna faida kwa mtu yeyote.

Maalim alilipwa kila kadi aliyoiandika. Hakupungukiwa hata senti. Hizo 88 hakuziandika, kwa hiyo hakuzifanyia kazi, na mtu hadai ujira wa kazi ambayo hakuifanya. Wino wake ulibaki kwenye chupa, na jioni zake alizipata. Mwandiko wake haukutoka mkononi. Kesho yake aliamka nao uleule. Mwizi wa baiskeli anakuacha bila baiskeli. Sisi tulimwacha Maalim na kila alichokuwa nacho.

Pili, herufi si zake. Yeye hakubuni a. Alijifunza kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa mwingine. Sanaa yote ya khati imejengwa juu ya kuiga: mwanafunzi huinakili mistari ya mwalimu miaka na miaka hadi mkono ukubali. Hata fasihi yetu ya zamani imetufikia kwa wanakili. Fikiria Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa miaka ya 1850 na kufariki 1945: mshairi, mchonga milango, mpiga kibangala, na mwenye hati ambayo hadi leo ukiiona unasimama. Aliandika tungo zake na akanakili tungo za wengine, nyingi kwa kuagizwa na wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kama kunakili ni wizi, basi nusu ya urithi wetu ni mali ya wizi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwangu, fonti ina huruma yake. Kadi ya mkono ni ya mwenye nacho. Binti wa muuza samaki Deep Sea naye anaolewa, naye angependa jina la shangazi yake lionekane zuri. Ikiwa mashine inaweza kumpa uzuri huo kwa bei ya karatasi, nani anayo haki ya kumnyima?

Hizo ndizo hoja tatu. Nilipozipanga hivyo nilijiona nimeachiliwa huru. Halafu nikakumbuka samaki.

*

Miaka kadhaa nyuma niliandika habari ndefu kuhusu wavuvi wa baruti na vijiji vinavyowaficha. Wiki tatu za kazi, mbili kati yake nikilala kwenye nyumba za watu. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nalipwa kwa habari, silipwi kwa mwezi. Siku mbili baada ya kutoka, tovuti moja iliichukua yote, ikabadili aya ya kwanza, ikaweka picha nyingine, na jina la mtu ambaye nadhani hajawahi kulowana miguu. Nilipiga simu. Kijana aliyepokea aliniambia kwa upole kabisa: "Lakini kaka, gazeti si lilishakulipa?"

Si lilishakulipa. Nilipandwa na hasira siku nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp la waandishi niliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Na ukitazama vizuri, yule kijana alikuwa na hoja zilezile tatu. Nilikuwa nimelipwa. Habari ya baruti si mali yangu, ni ya wavuvi. Na tovuti yao ilisomwa bure na watu wasioweza kununua gazeti.

Kwa nini basi niliumia? Haikuwa hela, maana hela hawakunichukulia. Kilichoniuma ni kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanywa kuhusu kazi yangu, iende wapi, kwa jina gani, kwa masharti gani, na uamuzi huo ukafanywa nikiwa nimelala. Kama wangeniomba, huenda ningewapa bure. Nimewahi kuwapa watu bure.

Hapo ndipo nilipokumbuka swali la Maalim. Unataka vitu vingapi? Yule mzee alikuwa ameyatenganisha mambo haya siku ya kwanza, barazani, kabla sijakaa vizuri. Khati ya maarusi aliiuza ichapwe. Alijua itazaa nakala 130, akaipangia bei kwa kujua hivyo. Majina aliyauza yaandikwe. Alikuwa tayari kuuza kwa mashine, na hakuona aibu wala dhambi kufanya hivyo. Alichotaka ni aulizwe kwanza. Sisi tukanunua kitu kimoja kwa bei yake, tukakitumia kama kitu kingine ambacho bei yake tuliijua na tukaikwepa.

Kwa hiyo hoja ya kwanza, kwamba hakupungukiwa, inaanguka. Haki ya kusema "hapana" ni kitu ambacho mtu anaweza kunyang'anywa huku kila kilichomo chumbani mwake kikibaki mahali pake.

*

Wenye khati wana neno la jambo hili, nalo ni ijaza. Katika utaratibu wa jadi uliokomaa zaidi zama za Waothmani wa Uturuki, mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kutia jina lake chini ya kazi mpaka mwalimu amwandikie ijaza. Anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko watu wote mtaani. Bado hatii jina. Siku akiandika kipande kinachokubalika, mwalimu huandika chini yake kwa mkono wake kwamba nimemruhusu. Kuanzia siku hiyo maneno "ameiandika fulani" ni halali yake.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza niliona ni urasimu. Sasa naona ni jibu la hoja yetu ya pili, ile ya kuiga. Mwanafunzi anaiga, ni kweli, lakini anaiga mbele ya mwalimu, kwa mkono wake mwenyewe, anaharibu karatasi na usingizi wake, na mwisho wa safari anamtaja aliyemfundisha. Anachukua kwa kupewa. Binamu yangu naye aliiga, usiku mmoja, mwenye mkono akiwa hana habari, na alichokitoa hakina jina la mtu. Kijuma naye aliandika jina lake kwenye nakala zake. Nakala za mkono wake zilizohifadhiwa London na Ujerumani zinajulikana kuwa ni zake, na mtafiti anayezitumia leo hawezi kujifanya maneno yalijiandika. Kunakili hakukuwa kunamfuta mtu. Mtu alikuwa anaonekana ndani ya nakala.

Tena nadhani ndiyo sababu kisa cha Ibn Muqla hakijafa. Alikuwa waziri Baghdad, akafariki mwaka 940, na ndiye anayetajwa kuwa aliipa khati vipimo vyake: urefu wa kila herufi kuhesabiwa kwa nukta za kalamu ileile. Siasa zikamgeukia, akakatwa mkono wa kulia. Inasimuliwa kwamba aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Waliomkata walijua wanachofanya. Hawakukata kiungo tu, walitaka kuikata sahihi yake duniani. Mkono wa mtu wa namna hii ni jina lake la pili.

Na tusidhani mgogoro huu umeletwa na kompyuta. Mwaka 1501 huko Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa vitabu vidogo vyenye herufi za mlalo zilizoiga mwandiko wa haraka wa wasomi. Aliyezichonga ni fundi mmoja wa Bologna, Francesco Griffo. Aldus alimsifu kwa mistari michache ndani ya kitabu, haki yake hiyo tumpe. Lakini hati ya serikali ya Venice ya kuzilinda herufi hizo ikatoka kwa jina la Aldus. Griffo akaondoka. Na wachapaji wa Lyon wakaziiga herufi zilezile bila kumwomba yeyote, wala Aldus wala Griffo. Mwenye kuchukua naye akachukuliwa.

Upande mwingine yupo Edward Johnston, mwalimu wa khati wa Uingereza, mtu wa manyoya ya bata na wino, ambaye ndiye aliyezisanifu herufi za treni za chini ya ardhi za London zilizoanza kutumika 1916. Alijua zinakwenda kwenye mashine, kwenye vibao na mabango ambayo hatayagusa. Aliombwa, akakubali. Kwa hiyo mashine na mkono hazina ugomvi wa asili. Binti wa muuza samaki anaweza kupata fonti nzuri pasipo mtu kudhulumiwa, ikiwa tu mtu atakwenda barazani aulize. Hoja yetu ya tatu, ile ya huruma, ilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni kwamba sisi hatukuwa binti wa muuza samaki. Sisi tulikuwa na kamati, ukumbi na keki ya ngazi tatu.

*

Nilisema tulimwibia nini. Lakini Maalim hakuwa peke yake.

Wageni walizisifia zile kadi. "Jamani, mmeandika kwa mkono wote hawa!" Mama, ambaye hakujua, alijibu ndiyo kwa fahari. Sasa mtu anaweza kusema, wageni walipata uzuri, walifurahi, uongo usioonekana haumwumizi mtu. Nami ningekubali, kama si ile h ya shangazi.

Shangazi huyu jina lake lina h mwishoni. Maalim aliniuliza kwenye simu, nikamjibu, na jibu lile likabaki kwenye daftari lake. Kadi ya shangazi ilikuwa kati ya zile 88. Kompyuta haikuuliza. Ikaandika jina bila h, kwa mwandiko mzuri kupita kiasi. Na yule bibi mjane, aliandikwa kama ilivyokuwa kwenye orodha ya zamani, yeye na mumewe, miezi mitano baada ya mazishi. Alikuja harusini. Hakusema neno. Alimshika mama mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Jina linapoandikwa kwa mkono, anayelipokea anajua jambo moja bila kuambiwa: kuna mtu, kwa dakika tatu, alikaa akaniwaza. Pengine hanifahamu, lakini aliishika kalamu akijua mwisho wa mstari kuna mimi. Hicho ndicho mama alichokuwa anakitaka aliposema habari za tangazo la maji. Sisi tuliwapa wageni ishara kwamba wamewazwa, na hakuna aliyewawaza. Uzuri wa herufi ulibaki. Kilichokuwa kinafanya herufi ziwe na maana kiliondoka, na kilipoondoka kikaacha nyuma makosa mawili, moja la kuchekesha na moja la kuuma.

Nami nilipomwambia Maalim ni dakika tatu tu, sikujua kwamba nilikuwa nakitaja kile hasa nilichokuwa nakinunua.

*

Nilikwenda Ngamiani tena mwezi wa nane baada ya harusi, nikiwa na shilingi 176,000 kwenye bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Haikuhitajika.

Nimesahau kusema kwamba Maalim alikuwa mwalikwa. Mama ndiye aliyeagiza apelekewe kadi, kwa heshima, na binamu yangu bila kufikiri akaichapa kama nyingine. Tulimpelekea mtu kadi yenye jina lake, kwa mwandiko wake, ambayo hakuiandika. Alikuja harusini, akala pilau, akatoa tunzo, akaondoka.

Nilipokaa barazani aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kadi ile. Ilikuwa ndani ya kitabu, haina hata mkunjo. Jina lake lina a tatu. Akaweka ncha ya kalamu juu ya kila moja.

"Hizi ni pacha," alisema. "Mimi sijawahi kuandika a mbili zinazofanana maisha yangu yote. Nimejaribu."

Nikaomba radhi. Nikatoa bahasha. Aliifungua, akahesabu, akairudisha mezani, akaisukuma upande wangu.

"Hii ni ya kadi themanini na nane?"

"Ndiyo, Maalim."

"Mimi sikuziandika. Nikiipokea nitakuwa nimeuza, na mimi sikuuza."

Nilibaki na bahasha mkononi. Nilikuwa nimezoea kudhani kila deni lina namba yake. Ukishaipata namba, umemaliza. Hapa namba nilikuwa nayo, senti kwa senti, na mdai hakuitaka. Nikamwuliza basi nifanye nini. Akasema kifute hicho kitu kwenye mashine. Nikampigia binamu yangu palepale. Kukawa kimya kidogo, halafu akaniambia kwamba yeye ameshakifuta siku nyingi, ila aliwatumia rafiki zake wawili, na mmoja ana duka la kadi Arusha.

Nilimwambia Maalim ukweli huo. Alicheka, kicheko kidogo cha puani. Akaomba aone. Nikamtafutia kwenye simu kadi mojawapo tuliyoipiga picha. Akaivuta karibu na miwani, akaitazama muda mrefu, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetazama picha yake ya ujana.

"K yangu haikai hivi tena," alisema. "Siku hizi naishusha mguu zaidi."

Sijui ukiisoma sentensi hiyo unasikia nini. Mimi nilisikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba tulichokichukua kilikuwa mkono wa Maalim wa mwezi mmoja tu, na yeye ameshasonga mbele, na kwamba huko Arusha ule mwezi mmoja utaendelea kuolea watu wasiomjua mpaka sijui lini. La kwanza lilinifariji. La pili halijaniacha.

Tulikunywa kahawa. Wakati naaga nilimwambia ninafikiria kuliandika jambo hili. Hakuonyesha kushangaa, amenijua. Akasema jina lake nisiliweke, maana watu watakuja kuuliza habari za kesi badala ya kuleta kazi. Akasema pia: "Lakini andika kwamba sikuuza."

Juzi, kabla ya kuyatoa haya, nilimpigia simu nikamsomea yote kuanzia juu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akanirekebisha jambo moja: mahali fulani nilikuwa nimeandika kwamba majina aliyaandika kwa kalamu ya mwanzi. Akasema hapana, mwanzi ni wa khati. Majina aliyaandika kwa kalamu ya nibu ya chuma, na mtu anayejua kazi akisoma vile atamcheka. Nimeiondoa sentensi hiyo. Nikamwuliza kama mengine anayaruhusu. Akasema soma tena pale pa h ya shangazi. Nikasoma. Akasema haya, peleka.

Ile bahasha bado ninayo. Na Maalim hakuuza.